Mikono ya Wazazi Katika Darasa la Ufundi la Watoto

Darasa la ufundi la familia, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kikao ambacho mtoto na mtu mzima wa nyumbani kwao hukaa pamoja mbele ya fundi wakajifunza kazi moja ya mikono, iwe kusuka ukili, kuunda tiara au kutoboa ubao kwa keekee, katika karakana ya jamii, yaani mahali ambapo zana ni mali ya wanamtaa wote na hakuna anayerudishwa mlangoni kwa kuwa hana fedha ya kununua patasi. Maelezo yanayofuata yametokana na kumbukumbu za waandaaji wachache, mwandishi akiwa mmoja wao, waliosimamia madarasa ya aina hiyo katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, na yanaongozwa na hoja waliyoikubali polepole na kwa kusitasita: kwamba mtoto si sehemu ngumu ya mpango. Mtoto wa miaka saba akipewa chane za ukindu zilizolainika na nafasi ya kukaa, atafanya kazi. Ni mtu mzima aliyekuja naye ambaye hajui akae wapi, ashike nini na anyamaze lini, na mpango usiojibu maswali hayo huvunjika hata kama vifaa vimetimia na fundi ni hodari.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki ufundi ulipita kutoka kizazi hadi kizazi kwa njia mbili kubwa, na darasa la familia halilingani barabara na yoyote kati ya hizo. Njia ya kwanza ni uanagenzi, ambapo kijana hukabidhiwa kwa fundi seremala, mshonaji, mfua fedha au muundaji wa vyombo vya baharini, akakaa naye kwa miaka, akafagia na kutumwa kabla ya kuruhusiwa kushika chombo chenye makali. Njia ya pili ni ya uani, isiyo na jina maalumu wala siku ya kuanza, ambapo msichana hukaa karibu na bibi yake anayesuka, akaokota chane zilizoanguka, akajaribu, akaharibu na kujaribu tena, bila mtu yeyote kutangaza kwamba somo limeanza. Baadaye shule ziliongeza njia ya tatu. Tanzania Bara, waraka wa Julius Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa mwaka 1967, uliipa kazi ya mikono heshima ndani ya mafunzo ya shule, ingawa kwa shule nyingi kazi hiyo iliishia kuwa jembe na shamba. Kenya, mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliwataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao, na haukupita muda kabla ya kusikika malalamiko kwamba vifaa vinavyopelekwa shuleni asubuhi vimetengenezwa usiku na mama mtu wakati mwenye kazi amelala. Malalamiko hayo si ya kuchekwa, kwa kuwa mzazi aliyeitwa ashiriki bila kuambiwa ashiriki vipi hushiriki kwa njia pekee aijuayo, nayo ni kuimaliza kazi.

Kabla ya mikono, hata hivyo, kuna suala la saa, ambalo mtu asiyeishi Unguja anaweza kulidharau. Shule nyingi za mjini huendeshwa kwa mikondo miwili, hivyo kwamba katika nyumba moja mtoto mkubwa huingia darasani asubuhi na mdogo wake huingia mchana. Kabla au baada ya shule watoto huwa chuoni, na chuo hapa ni mahali pa kusomea Kurani. Na asubuhi za Jumamosi na Jumapili, ambazo mpangaji anayefuata kalenda ya ofisi angezichagua bila kufikiri, ndizo saa ambazo vyuo vingi huwa vimejaa. Kwa desturi vyuo hupumzika Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa baada ya sala ingewafaa kina baba, lakini ndiyo siku ya kutembeleana, kuzuru wagonjwa na kwenda harusini, kwa hiyo ilibaki Alhamisi baada ya sala ya alasiri, saa ambayo watoto wa mkondo wa mchana hufika wamechelewa wakiwa bado na sare zao, na baba wengi bado hawajatoka kazini. Kwa kuichagua Alhamisi, waandaaji walikuwa wamekwisha kuamua, kabla ya kununua hata fungu moja la ukindu, kwamba mtu mzima atakayekaa ubavuni mwa mtoto atakuwa mama, shangazi au bibi, na kwamba akina baba wakitakiwa itabidi watafutiwe siku nyingine na pengine kazi nyingine.

Kalenda ya mwaka nayo ina masharti yake. Mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka uliopita, hauna alasiri ya kugawa, kwa kuwa saa hizo ni za jikoni, na hakuna darasa linaloweza kushindana na futari. Masika, yaani mvua kubwa za kati ya Machi na Mei, huharibu mahudhurio na pia huharibu mali, kwa maana ukindu uliohifadhiwa chumba chenye unyevu huota koga ukanuka na kubadilika rangi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, upepo na jua hukausha chane haraka sana hata zikakatika mikononi mwa mtoto asiyejua kuzinyunyizia maji, ilhali ndio wakati ambao watoto wana likizo na wazazi wanauliza darasa liko wapi. Mpango mzuri wa mwaka kwa hiyo hupangwa kwa kuangalia malighafi na mbingu pamoja: kazi za karatasi na mbao wakati wa mvua, ususi pale hewa inapokuwa na unyevu wa wastani, na tiara pale upepo unapotulia katika mwelekeo mmoja.

Tiara, ambayo Bara hujulikana zaidi kwa jina la kishada, ilichaguliwa kuwa kazi ya kufungulia msimu, na sababu za uchaguzi huo zinafaa kuelezwa kwa urefu kidogo. Vifaa vyake ni njiti za chelewa zinazochomolewa kwenye ufagio, karatasi nyepesi, gundi ya uji wa unga wa ngano, uzi, na ukanda wa kitambaa kwa ajili ya mkia. Gharama yake ni ndogo na hakuna kitu kinachokata wala kuunguza. Lakini ubora wake mkubwa ni kwamba haihitaji hakimu. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, alishikilia kwamba kifaa kizuri cha kufundishia ni kile kinachomwonyesha mtoto kosa lake chenyewe bila mtu mzima kufungua kinywa, na tiara ni kifaa cha namna hiyo, kwa kuwa yenye ubavu mmoja mzito huzunguka na kuanguka, yenye mkia mfupi huyumba, na iliyofungwa vibaya nyuzi za kifuani, zile zinazoamua pembe ambayo karatasi itaukabili upepo, haipandi kabisa. Mama anaweza kuisifu tiara kadiri apendavyo, na upepo haumsikilizi. Kwa familia zilizofika zikiwa na woga wa kushindwa mbele ya majirani, jambo hilo lilikuwa faraja, kwa sababu aliyekosolewa hakukosolewa na mtu, na mtoto alirudi mezani kufupisha njiti akiwa anajua kwa nini anafupisha.

Vitu vingine vya kuchezea vyenye sifa hiyo ni pia, ambayo husimama au haisimami, kititia cha makuti kinachozunguka au kisichozunguka, na kingalawa kinachoelea au kinachopinduka.

Ususi wa ukili hauna sifa hiyo, na hapo ndipo mikono ya watu wazima ilipojitokeza. Ukili ni mkanda mrefu unaosukwa kwa chane, yaani majani membamba ya mkindu yaliyochanwa kwa upana mmoja, na kili nyingi zikishonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka na magunia, hupatikana mkeka, msala au kikapu. Ukili mbaya haujitangazi. Hulegea kidogo hapa, hupanuka kidogo pale, na ni jicho lililozoea tu ndilo linaloona. Katika vikao vya mwanzo mambo yalikwenda kwa mfuatano uliojirudia karibu kwa kila familia: mama aliutazama ukili wa mwanawe, akaunyosha, akauchukua mara moja ili amwonyeshe, akasuka kidogo, akasuka zaidi, na kabla ya adhana ya magharibi mama alikuwa akisuka kwa furaha na mtoto alikuwa amehamia dirishani.

Ni rahisi kumlaumu mzazi wa namna hiyo kwamba hana subira, lakini lawama hiyo haikuwasaidia waandaaji na, kwa maoni ya mwandishi, haikuwa ya haki. Mama aliyekaa karakanani alikuwa hadharani, mbele ya majirani waliomjua tangu alipoolewa, na kazi iliyotoka mikononi mwa mtoto wake ilisomwa na wote kuwa kazi ya nyumba yake. Baadhi ya akina mama walikuwa na ukili mikononi kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa wasichana huko Pemba au mashamba ya Unguja, na vidole vilikumbuka kabla hawajapanga kukumbuka. Waliporwa na kazi yenyewe. Wengine, waliokulia mjini, hawakuwahi kujua kusuka, na kwa kuona haya kukiri hilo walijifanya wasimamizi, wakimwelekeza mtoto katika jambo ambalo wao wenyewe walikuwa wakilitazama kwa wizi kutoka kwa jirani. Mabibi ndio pekee waliokuwa wametulia. Bibi mmoja, aliyefika akiwa mlezi wa wajukuu na baadaye akaombwa awe fundi, alikuwa na desturi ya kuushika mkono wa mtoto, si ukili, akauongoza kwa mapigo machache, akauacha na kurudi kwenye kazi yake mwenyewe bila kuangalia nyuma.

Kuhusu swali la kama mtu mzima aguse kazi ya mtoto au asiiguse, walimu wa ufundi duniani hawajawahi kukubaliana. Uswidi, mwishoni mwa karne ya 19, Otto Salomon aliendesha huko Nääs chuo cha walimu wa sloidi, yaani mfumo wa kufundisha ufundi wa mbao shuleni kwa kumpitisha mwanafunzi katika vitu vya matumizi ya nyumbani kuanzia chepesi hadi kigumu, na mojawapo ya kanuni zake kali ilikuwa kwamba mwalimu asiweke mkono wake kwenye kazi ya mwanafunzi, ili mwanafunzi aweze kusema kwa kweli kwamba kitu hicho ni chake. Mbali kabisa na hapo, katika kijiji cha Nabenchauk kwenye milima ya Chiapas, Meksiko, mwanasaikolojia Patricia Greenfield na mwenzake Carla Childs walirekodi mwaka 1970 jinsi akina mama wa Kimaya wa Zinacantán walivyowafundisha mabinti zao kufuma kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa mgongoni, na walichokiona kilikuwa kinyume: mama alikaa karibu kiasi cha kugusana na binti, akaingiza mikono yake mara tu ugumu ulipotokea, akaitoa ugumu ulipokwisha, na binti hakuachwa aharibu nguo, kwa kuwa uzi ulikuwa na gharama na nguo ilikuwa ya kuvaliwa. Mabinti hao walikuwa mafundi. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba mkono wa mzazi, kwa kuwa ni mkono wa mzazi, unamnyima mtoto elimu. Kinachotofautisha ni kama mkono huo unajua kutoka.

Utafiti wa David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross uliochapishwa mwaka 1976 unaeleza jambo hilo kwa upande wa umri. Watoto wa miaka 3, 4 na 5 walipewa vipande 21 vya mbao vinavyounganika na kuwa piramidi, pamoja na mwalimu aliyeelekezwa amwachie mtoto kufanya kila anachoweza na kuingilia pale tu anapokwama. Ilionekana kwamba kazi ya mwalimu hubadilika: kwa mtoto wa miaka 3 ni kumvuta tu abaki na kazi, kwa kuwa maagizo mengi hayasikilizi, kwa wa miaka 4 ni kumkumbusha kwa maneno, na kwa wa miaka 5 ni kumthibitishia kile ambacho tayari anakishuku. Watafiti hao walifananisha msaada huo na jukwaa la mwashi, ambalo hujengwa ili libomolewe. Shida ya darasa la familia ni kwamba mtu mzima mmoja huja na watoto wa umri tofauti, na mara nyingi humsaidia wa miaka 9 kwa namna inayomfaa wa miaka 4, kwa sababu ndiye aliyempakata.

Utaratibu uliofuata ulitokana na kumtazama yule bibi zaidi kuliko na vitabu. Kwanza, kila mtu mzima alipewa ukili wake mwenyewe, wa upana mkubwa kuliko wa mtoto na wenye chane za rangi, kazi inayotosha kuyashika macho yake. Mama mwenye ukili wa kujivunia hana muda wa kuupora wa mwanawe. Pili, mwanzo wa ukili, ambao ndio sehemu ngumu kuliko zote kwa kuwa chane hazijashikana na kila moja inataka kwenda kwake, ulifanywa na fundi au mzazi kabla ya kikao, na mtoto alipokea ukili uliokwisha kushika njia. Tatu, watu walikaa ubavu kwa ubavu kwenye jamvi, si uso kwa uso, kwa kuwa anayemkabili mtoto huona kazi yake kinyumenyume na hulazimika kuichukua ili aielewe, ilhali anayekaa kando yake huona anachokiona mtoto. Na nne, ikawekwa kanuni moja ambayo mabibi waliipenda na akina mama waliinung'unikia: mtu mzima anaruhusiwa kufumua ukili wa mtoto hadi palipoharibika, lakini haruhusiwi kuusuka. Kanuni hiyo ilikuwa na athari ambayo haikutarajiwa kikamilifu, kwa kuwa mzazi anayefumua hulazimika kulitafuta kosa lenyewe badala ya kulifunika kwa kazi nzuri, na mtoto anayetazama ukili wake ukirudi nyuma huona kwa macho yake mahali ambapo chane mbili zilipita juu badala ya moja kupita chini. Wapo waliosema ni kanuni ya ukatili. Mwandishi haoni hivyo. Ukatili zaidi ni kumrudisha mtoto nyumbani na ukili mzuri asioutambua.

Akina baba walipata siku yao, asubuhi moja ya likizo kila baada ya muda, na kazi yao ikawa ya mbao. Hapa suala la mikono lilijitatua lenyewe kwa sababu ya namna zana zilivyo. Keekee, kifaa cha kutobolea kinachozungushwa kwa uta wenye kamba, kinahitaji mkono mmoja wa kukandamiza kwa juu na mwingine wa kuendesha uta, na hapo hapo ubao unahitaji kushikwa usicheze. Karakana ilikuwa na jiriwa chache, kwa hiyo baba aliombwa aushike ubao na mtoto akaendesha uta. Baba aliyeshika ubao kwa mikono miwili hana mkono wa tatu wa kupokonya chombo. Baadaye karakana ilipopata jiriwa zaidi, waandaaji waliamua kutozitoa kwenye siku za familia, uamuzi uliowashangaza wafadhili waliozitoa.

Mfuatano wa mafunzo ulikuwa jambo jingine lililohitaji kupinduliwa. Mtu anayepanga somo la kikapu kwenye karatasi huanza kwa kawaida pale kikapu kinapoanzia, yaani kuchana ukindu, kisha kutia rangi, kusuka, kushona na kumalizia, na mpango huo una kasoro mbili: kazi za mwanzo ndizo zenye kisu na maji yanayochemka, na mtoto hukaa vikao vingi bila kuona kitu kinachofanana na kikapu. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza washonaji wa Kivai na Kigola huko Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba wanagenzi wa huko walianzia mwishoni: walipiga pasi, wakashona vifungo na kukunja pindo za nguo zilizoshonwa na wengine, wakaingia baadaye kwenye cherehani, na kukata kitambaa, ambako kosa moja hupoteza mali, kulikuja mwisho. Kwa kushika nguo iliyokamilika mwanagenzi aliijua nguo kabla ya kuishona. Mabibi wa Unguja hawakuhitaji kuambiwa hilo, kwa kuwa ndivyo walivyofunzwa wao, na mpango ukapangwa upya hivyo hivyo. Mtoto mgeni alianza kwa kupewa ukili uliokamilika na mkasi wenye ncha butu apunguze ncha za chane zinazochomoza pale chane mpya ilipoungwa na iliyokwisha; kazi hiyo ni nyepesi, ni ya kweli, na humfundisha, bila hotuba, mahali ambapo chane huungwa. Aliyefuata hatua hiyo alipanga chane kwa urefu na kuzinyunyizia maji, kisha akasuka ukili mwembamba wa chane nene, kisha akashona ukingo kwa shazia akiwa na mtu mzima pembeni. Kuchana na kutia rangi kulibaki kwa vijana wakubwa na watu wazima.

Utiaji rangi ulistahili siku yake peke yake. Siku hizi wasukaji wengi hutumia rangi za unga zinazonunuliwa dukani na kuyeyushwa katika maji ya moto, na sufuria ya namna hiyo haina nafasi mahali penye watoto wa miaka mitano. Ilipikwa nyuma ya karakana, siku moja kabla, na watu wazima wawili. Kwa watoto wakubwa iliongezwa manjano, na mzingefuri, ambao mbegu zake nyekundu hutoa rangi kwa kusuguliwa tu mikononi, na hao walifurahi kuliko walivyofurahia rangi kali za dukani, ingawa rangi ya manjano hufifia juani upesi na wazazi waliona ni kazi bure.

Mjadala mrefu zaidi kati ya waandaaji na wazazi haukuwa juu ya kufundisha, bali juu ya kuuza. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara ilipofuata Juni 2019, baada ya Zanzibar kuwa imetangulia kwa miaka kadhaa, kikapu kilirudi sokoni kikiwa na thamani mpya, na wazazi waliouliza kwa nini watoto wanapoteza ukindu kwa kusuka vitu visivyouzika walikuwa na hesabu sahihi. Ukindu una bei, fundi anahitaji nauli na posho, na ada ya kiasi kidogo, iliyotozwa kwa familia nzima ili mwenye watoto wanne asilipe mara nne, haikutosha. Lakini darasa lenye lengo la kuuza huwa na mtu mzima asiyeweza kumruhusu mtoto akosee, na hapo kazi ya kupanga mikono yote hubatilika. Greenfield aliporudi Nabenchauk mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya uchumi wa fedha na biashara kukua kijijini, aliona jambo lisilotazamiwa na wanaodhani biashara huua uhuru wa mwanafunzi: mabinti walikuwa wakijifunza kwa kujitegemea zaidi, kwa kujaribu na kukosea, na mara nyingi waliofundisha walikuwa dada badala ya mama, huku michoro ya nguo ikiongezeka aina. Maelezo hayo hayahamishiki moja kwa moja hadi Unguja, kwa kuwa huko Nabenchauk uzi ulikuwa umekuwa rahisi kupatikana, na akina mama walikuwa na shughuli nyingine za kuwaingizia fedha. Ukindu wa Ng'ambo haukuwa rahisi. Waandaaji waliamua kwamba kili za watu wazima, zile zilizotolewa kwa ajili ya kuyashika macho yao, zishonwe vikapu na kuuzwa, na fedha zinunue ukindu wa watoto. Kwa njia hiyo kazi iliyoanza kama hila ya kumzuia mama asipore ikawa ndiyo inayolipia darasa, na mama aliyekuwa hajui kusuka akawa na sababu ya kujifunza bila kuona haya.

Lilibaki suala la kazi isiyokwisha. Kikao cha alasiri hakitoshi kumaliza ukili, sembuse kikapu, na mwanzoni kila ukili ulifungwa kwa kitambaa chenye unyevu na kutundikwa ukutani ukiwa na jina la mtoto hadi wiki inayofuata. Wapo waandaaji waliotaka utaratibu huo udumu, kwa hofu iliyo wazi kwamba ukili ukienda nyumbani kanuni ya kufumua haitakuwa na wa kuisimamia. Wengine walisema kwamba darasa la familia lisilofika nyumbani kwa familia halina haki ya jina hilo, na hao ndio walioshinda. Kili zikaanza kwenda na kurudi, na zilirudi zimerefuka kupita uwezo wa watoto, zenye kipande kilicholegea, kisha kipande kilichobana sawasawa, kisha kilicholegea tena, hivyo kwamba aliyezishika kwa vidole aliweza kuhesabu watu waliozisuka. Bibi fundi alitaka vipande vya watu wazima vifumuliwe hadharani. Waandaaji waliona aibu ya kufanya hivyo mbele ya mama aliyekaa kando. Mwafaka uliofikiwa ni kwamba kila mtu aliyeusuka ukili nyumbani, awe mama, kaka au jirani, atie chane moja ya rangi mahali alipoanzia na nyingine alipoishia, na baada ya hapo hakuna atakayefumua. Bibi aliukubali mwafaka huo kwa shingo upande, akaendelea kuamini kwamba ni wa kizembe, na kila msimu mpya ulipopangwa alilirudisha jambo hilo kikaoni.